Mwanagenzi na Mlio: Jinsi ya Kujifunza Kutafuta Metali Ardhini

Utangulizi

Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Makala haya yananuia kueleza jinsi mwanagenzi anavyojifunza kutafuta vitu vya kale ardhini kwa kigunduzi cha metali, akielekezwa na wakongwe wa uraibu huo. Msomaji wa Kenya anakijua kifaa hiki mikononi mwa bawabu anayempekua mlangoni pa benki au duka kuu. Nchini Uingereza, hata hivyo, maelfu ya watu hukibeba mashambani kama burudani. Mifano yetu inatoka huko.

Istilahi

Katika mazungumzo ya kila siku sisi huita karibu kila metali "chuma". Mazoea hayo hayafai hapa, kwani chuma, hasa misumari iliyoliwa na kutu, ndicho mtafutaji anachojaribu kukikwepa ili afikie shaba, fedha na dhahabu. Kwa hivyo, "metali" litatumika kama jina la jumla, na "chuma" kwa maana yake finyu.

Kifaa na Sikio

Kwenye ncha ya kifaa mna koili ya waya. Umeme unaobadilika-badilika unapopita humo, huzua uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikutana na metali, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake. Mikondo hiyo nayo huzua uga wake, ambao kifaa huupokea na kuugeuza kuwa mlio. Katika vigunduzi vingi, chuma huwa na mlio mzito wa chini, na fedha mlio mwembamba wa juu.

Utata upo katikati. Pete nyembamba ya dhahabu na kipande cha karatasi ya aluminiamu huweza kutoa mlio mmoja. Mwanagenzi anayekiamuru kifaa kinyamazie takataka zote huenda akainyamazisha dhahabu pia. Ndiyo maana wakongwe humshauri azike sarafu, msumari na kipande cha aluminiamu katika bustani yake mwenyewe, kisha asikilize kila kimoja mpaka sikio lizoee. Humfunza pia kuipitisha koili polepole, karibu na ardhi, bila kuiinua mwishoni mwa kila mzunguko.

Mafunzo haya si mageni kwetu. Mwanafunzi wa bara husikia "paa" la nyumba na "paa" mnyama kama neno moja, hadi mzee wa pwani amwonyeshe mpumuo unaoyatofautisha. Kitabu humwambia kuwa tofauti ipo; kuisikia, hufunzwa na msemaji.

Adabu ya Kuchimba

Somo zito zaidi ni la kujizuia. Mwanagenzi huambiwa aombe idhini ya mwenye shamba, asiguse maeneo ya kale yanayolindwa na sheria, na afukie kila shimo. Chini ya Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, anayepata hazina katika Uingereza, Wales au Ireland ya Kaskazini hutakiwa kuripoti katika muda wa siku 14.

Mfano bora ni wa Hoxne, katika jimbo la Suffolk. Mnamo Novemba 1992, Eric Lawes alikuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani. Kigunduzi chake kikaangukia dhahabu na fedha za zama za Warumi. Alipotambua ukubwa wa jambo hilo, aliacha kuchimba na mamlaka ikaarifiwa. Wanaakiolojia waliofika walikuta sehemu kubwa ya hazina ikiwa bado imepangwa kama mwenyewe alivyoiweka, wakaweza kutambua sanduku la mbao lililokwisha kuoza. Sarafu zilizidi 14,000. Nyundo nayo ilipatikana.

Lau Lawes angechimba zote usiku huo, dhahabu ingebaki dhahabu, lakini mpangilio wake ungepotea milele.

Hitimisho

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 2013, watafiti walipata katika kisiwa cha Manda, Lamu, sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Sarafu kama hiyo mfukoni mwa mfanyabiashara ingekuwa pambo tu. Ardhini Manda ni ushahidi wa mawasiliano ya pwani yetu na China. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 hairuhusu yeyote kuchimbua mambo kale nchini bila leseni.

Sisi wanafasihi tunalielewa hili vyema. Ngano iliyonakiliwa bila kutaja fanani, hadhira wala mahali ni sarafu iliyong'olewa udongoni. Mwanagenzi wa fani yoyote hana budi kujua kusikiliza kabla ya kuchimba, na kuacha kuchimba anaposikia kitu kikubwa kuliko ujuzi wake.