Nani Atamtandikia Mefiboseti Punda?

Masomo ya juma hili: 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30. Yoane 9:1-3.



Habari ya Mefiboseti wengi wetu tunaikumbuka kwa sehemu moja tu: siku mfalme Daudi alipomketisha kwenye meza yake. Tunaihubiri sehemu hiyo, tunashangilia, tunafunga Biblia. Juma hili tunawaomba tuisome yote, kwa sababu inaanza na kukimbia na inaisha na kukimbia, na sisi watu wa Goma tunajua kukimbia ni nini.

Mefiboseti alikuwa na miaka 5 habari ilipofika kwamba baba yake Yonatani na babu yake Sauli wamekufa vitani. Mlezi wake alimbeba akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu. Hakulogwa na mtu. Aliumia kwa sababu ya vita.

Miaka ikapita. Daudi akauliza kama kuna mtu wa nyumba ya Sauli aliyebaki. Mtumishi Siba akajibu kwamba yuko mwana mmoja wa Yonatani, mlemavu wa miguu. Angalieni vizuri: Siba hakutaja jina. Alitaja ulemavu tu. Mefiboseti alipofika mbele ya mfalme, Daudi ndiye aliyemwita kwa jina lake.

Halafu vita vikarudi. Absalomu akamwasi baba yake, na Daudi akatoka Yerusalemu mbio. Siba akamfuata na punda waliobeba mikate na divai, akamwambia mfalme kwamba Mefiboseti amebaki mjini kwa kutaka ufalme. Daudi akaamini bila kumsikia mwenyewe, akampa Siba mali yote. Baadaye tu, mfalme aliporudi, Mefiboseti akaeleza: alitaka kutandikiwa punda aende na mfalme, kwa kuwa hawezi kutembea, lakini mtumishi wake alimdanganya.

Basi mtu yule yule aliyekula mezani pa mfalme, siku ya kukimbia aliachwa, na mwingine akasema uongo kwa niaba yake. Mefiboseti angalau aliweza kujieleza. Leo tunataka kuzungumza juu ya wale ambao kujieleza kwenyewe ni kazi ngumu: watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji, walio katika kartie zetu zote, kutoka Birere hadi Mugunga.

Ulemavu huu ni nini?

Tutenganishe kwanza mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote, hata mzee, na mara nyingi unatibika. Ulemavu wa ukuaji unaanza tumboni au utotoni. Mtoto anachelewa kukaa, kutembea, kusema au kuelewa. Si ugonjwa wa kupona kwa dawa ya juma moja. Lakini kuchelewa si kushindwa: mtoto huyu anajifunza, kwa mwendo wake, akipata mtu wa kumfundisha kwa uvumilivu.

Wako watoto wenye alama ya uso inayofanana, hata wakitoka katika makabila mbalimbali. Hali yao inaitwa trisomia 21. Mwaka 1959 wataalamu huko Ufaransa walionyesha kwamba watoto hawa wana kromosomu 47 katika chembe za mwili, mahali pa 46 tulizo nazo wengi wetu. Mambo hayo yanakuwapo mtoto akiwa bado tumboni. Hakuna jirani aliyeyatia, wala shangazi. Wako pia wenye otismu, wanaoona na kusikia dunia kwa namna nyingine, na wale ambao ubongo wao uliumia, mikono na miguu ikakakamaa.

Ubongo unaumiaje? Mtoto anakosa hewa wakati wa kuzaliwa, uzazi ukichukua muda mrefu mbali na muganga. Manjano ya mtoto mchanga yanaachwa bila matibabu. Malaria inapanda kichwani. Homa ya uti wa mgongo inachelewa kutambuliwa. Kila moja ya sababu hizi ina mlango wa kituo cha afya ndani yake, na mara nyingi mlango huo ulikuwa mbali, au ulifungwa na vita, au fedha hazikutosha.

Tuko na mfano karibu, ndani ya ziwa letu la Kivu. Katika kisiwa cha Idjwi, watu wengi walikuwa na rovu shingoni, na watoto wengine walizaliwa wakiwa wazito wa akili na wafupi wa kimo. Wangeweza kusema kisiwa kimelaaniwa. Tangu miaka ya 1960 waganga na wataalamu walikwenda kuchunguza, wakaona kwamba udongo na chakula cha huko vilikosa iyodi, na kwamba muhogo unaoliwa kwa wingi uliongeza shida. Dawa yake ni chumvi yenye iyodi. Kile ambacho watu wangeita laana, kilipungukiwa na chumvi! Mama mwenye mimba anayenunua chumvi sokoni, aangalie kama mfuko umeandikwa kwamba ina iyodi.

Si ulozi

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Alilikataa swali lenyewe.

Swali hilo bado linaulizwa Goma. Linaulizwa na mama mkwe, linaulizwa kwenye bomba la maji, na jambo la kutuumiza zaidi, linaulizwa katika vyumba vya maombi. Mtoto anayeanguka kifafa anaitwa mulozi. Anafungwa kamba, ananyimwa chakula siku kadhaa, ili pepo atoke. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Povu la mdomoni haliambukizi mtu. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye hadi aamke. Halafu mpeleke kwa muganga, maana ziko dawa za kila siku zinazozuia kuanguka kwa wagonjwa wengi. Mjini kwetu kituo cha Tulizo Letu cha Mafurere wa Upendo kinapokea watu wenye shida za namna hii. Tuombe, ndiyo. Lakini tuombe huku dawa ziko mkononi.

Sheria ya inchi inasema vilevile. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayefanya hivyo. Haikumtenga mchungaji wala nabii.

Haki zao ziko wapi?

Kifungu cha 49 cha Katiba hiyo kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kadiri ya mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya utu. Mwaka 2015 inchi yetu ilijiunga na Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria maalum ya kuwalinda na kuendeleza haki zao. Toka Katiba hadi sheria hiyo ilikuwa miaka 16 ya kungoja, na walioisukuma ni watu wenye ulemavu wenyewe pamoja na familia zao na mashirika yao.

Lakini karatasi ya Kinshasa haifiki yenyewe Katoyi. Inafika mzazi anapokwenda kwa mkurugenzi wa shule na kusema: mtoto wangu ana haki ya kuandikwa, shule ya msingi ya serikali ni ya bure kwa watoto wote. Inafika kwa urahisi zaidi kama mzazi huyo hakwenda peke yake, kama amesindikizwa na mama jirani, na mzee wa kanisa, na mwalimu mmoja mwenye moyo.

Na hapa tukumbuke Siba. Kumtetea mtu si kumnyang'anya mdomo. Anayesema kwa niaba ya mwingine bila kumsikiliza anaweza kumpoteza. Hata asiyesema kwa maneno ana namna yake: anakataa kwa mkono, anafurahi kwa macho, anavuta nguo ya mama. Tumuulize kwanza, na tuwaulize wanaoishi naye.

Siku ya kukimbia

Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilitapika moto, na lava ikafika Buhene. Siku tano baadaye serikali ikaamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 za mji waondoke. Walikwenda Sake, Rutshuru, Rwanda, wengine kwa mashua hadi Bukavu. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Januari 2025 vita vikafika ndani ya mji, na watu waliokuwa kambini Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala wakafunga tena mizigo.

Katika siku kama hizo mama ana mikono miwili tu. Mmoja unashika mtoto mchanga, mwingine godoro. Kijana wa miaka 15 asiyeweza kutembea, mzito kama mtu mzima, anayeogopa kelele za risasi na kupiga mayowe, nani atambeba? Kama jirani hajui kwamba yuko, hawezi kurudi kumchukua. Kama shefu wa avenyu hakumwandika, hayuko katika hesabu. Kama hana akti ya kuzaliwa, akipotea barabarani na hawezi kutaja jina lake, hakuna atakayejua ni wa nani.

Ndiyo sababu tunasema: kumficha mtoto ndani ya nyumba, hata kama ni kwa kumpenda, hata kama ni kwa kukwepa macho ya watu, ni kumwacha bila punda. Mtoto anayejulikana kwa jina katika avenyu nzima ana watu wengi wa kumbeba.

Tufanye nini?

Wazazi, mwandikisheni mtoto katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Muda huo ni bure. Aliyepitwa na muda, aombe msaada kwa watu wa sheria, mlango haukufungwa kabisa. Mshoneeni katika nguo jina lake na namba ya simu.

Majirani na wazee wa nyumba kumi, mjue ni nyumba gani ina mtu asiyeweza kukimbia mwenyewe. Mpatane sasa, kabla ya siku mbaya: motari gani atamchukua, chukudu ya nani itatumika, nani atabeba dawa zake.

Wachungaji, mapadri na wakatekista, muwaite kwa majina wakati wa sala. Muwape kazi wanayoiweza: kupanga viti, kupokea sadaka, kuimba hata kama sauti inatangulia kwaya. Anayepiga kelele katika ibada asitolewe nje pamoja na mama yake, kana kwamba nyumba ya Mungu ni ya watulivu tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya ndogo

1. Katika avenyu yetu, ni nani mwenye ulemavu wa akili? Tunajua jina lake, au tunajua ulemavu wake tu?
2. Tukilazimika kukimbia usiku huu, nani atambeba?
3. Ni nani katika jumuiya yetu anayesemewa kila siku bila kuulizwa?

Tuombe

Bwana, uliyelikataa swali la wanafunzi wako, utuondolee na sisi swali hilo mdomoni. Utupe masikio ya kumsikia asiyesema na mabega ya kumbeba asiyetembea. Na siku tutakapohesabiana njiani, asipungue hata mmoja. Amina.