Roboti ya kufagia: Kabla ya kuweka mtaji, tazama sakafu ya mteja

Na Mwandishi wa Masuala ya Kikanda

NAMANGA. Boksi lilikuwa juu ya kaunta, katikati ya marobota ya mashuka na chupa za chai. Ndani yake mlikuwa na mashine nyeupe ya duara, pana kama sinia ndogo la pilau. Mwenye duka, mama ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akitoa mzigo Nairobi na kuuuza upande huu wa Tanzania, alikuwa amepewa ofa na muuzaji wa jumla: achukue roboti kumi za kufyonza vumbi kwa bei ya punguzo, alipe taslimu, na ajibu ndani ya wiki moja.

Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya mashuka ya msimu wa sikukuu. Mashuka anayajua: anajua nani atanunua, kwa bei gani na kwa muda gani. Roboti hakuijua. Kwa kuwa alisikia ninayo moja nyumbani, aliniita nikae, akanimiminia chai, akaniuliza kama kitu hiki kinafaa au ni mchezo wa watoto wa mjini.

Sikuweza kumjibu kwa neno moja. Yanayofuata ni yale tuliyozungumza mchana ule, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeletewa ofa kama hii, iwe Namanga, Busia, Rusumo au Kasumbalesa.

Inafanya nini hasa

Mashine hizi si ngeni duniani. Kampuni ya Electrolux ya Sweden ilianza kuuza ya kwake mwaka 2001, na mwaka uliofuata iRobot ya Marekani ikatoa Roomba, ambayo ndiyo iliyolifanya soko likue. Leo nyingi tunazoziona zinatoka China, kwa majina kama Roborock, Ecovacs, Dreame na Xiaomi, pamoja na nyingine nyingi zisizo na jina la kukumbukwa.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Inatembea sakafuni kwa magurudumu, brashi ya pembeni inasukuma takataka kuelekea katikati, brashi ya chini inaziinua, na feni inazivuta hadi kwenye kikasha ambacho kwa kawaida hakifiki ujazo wa lita moja. Betri ikipungua, iliyo nzuri hurudi yenyewe kwenye kituo chake cha kuchajia. Kimo chake ni takriban sentimita 10, hivyo inaingia chini ya kitanda na kochi, mahali ambapo fagio hufika siku ya wageni tu.

Kuna aina mbili ambazo mfanyabiashara lazima azitofautishe. Moja inatembea kwa kubahatisha: ikigonga ukuta inageuka na kwenda upande mwingine, ikirudia sehemu moja mara tano na kuiacha nyingine. Ya pili inapima chumba kwa miale ya leza au kamera, inachora ramani na kufuata mistari kama mkulima anayelima kwa trekta. Kwenye boksi zote mbili zinaitwa roboti. Nyingi za leza utazitambua kwa kinundu kidogo cha duara juu yake. Mteja akiwa amemwona jirani na ya ramani, kisha ukamuuzia ya kubahatisha, atairudisha.

Zipo pia zinazovuta kitambaa chenye maji na kutangazwa kwamba zinapiga deki. Zinafuta vumbi jepesi. Uji uliokauka au mafuta ya jikoni bado yanahitaji mkono wa mtu.

Sakafu ndiyo inayoamua

Mimi naishi Arusha, kwenye nyumba ndogo yenye vigae. Kiangazi vumbi jekundu linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Roboti yangu inazunguka kila asubuhi na kikasha kinajaa. Kwangu imelipa, ingawa kona bado nazifagia mwenyewe na jikoni haijawahi kuingia, kwa kuwa pana ngazi moja ya kupanda.

Nilipoipeleka kwa mama yangu kijijini, ilishindwa. Sakafu ni ya saruji iliyopasuka, kuna mikeka, na kila mlango una kizingiti. Nyingi ya mashine hizi hupanda kizingiti cha sentimita 2 hivi, zaidi ya hapo zinabaki zikihangaika. Ndani ya saa moja ilikwama mara tatu, ya mwisho ikiwa imemeza nyuzi za mkeka. Mama aliitazama kwa huruma, akachukua fagio lake la chelewa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye duka halikuwa bei. Nilimwuliza wateja wake wanaishi kwenye sakafu gani. Wapangaji wa maghorofa, wenye nyumba za kulala wageni za vigae, ofisi ndogo na watu wanaofuga paka ndani wana sababu ya kununua. Mwenye mazulia manene yenye nyuzi ndefu, nyaya zilizotapakaa au watoto wanaoacha vitu sakafuni atalalamika. Hata zulia jeusi lina shida yake: vihisio vya chini, vilivyowekwa ili mashine isianguke kwenye ngazi, wakati mwingine huona weusi huo kama shimo na mashine inagoma kupita.

Jambo jingine tulilolizungumza bila kificho ni dada wa kazi. Kwenye nyumba nyingi za ukanda wetu yupo anayefagia, na huyo huyo anapika, anafua na kumtazama mtoto. Roboti haiwezi kuchukua nafasi yake. Wanaoinunua kwa matumaini hayo ndio wanaojuta. Wanaofurahi ni wale ambao tayari wanafagia wenyewe usiku baada ya kazi.

Umeme, plagi na simu

Wengi huogopa bili ya umeme. Hapa hofu ni ndogo. Betri ya kawaida ya volti 14.4 na mAh 5,200 inabeba takriban Wh 75. Hata ukijumlisha kinachopotea wakati wa kuchaji, kuijaza ni kama sehemu ya kumi ya uniti moja. Na umeme ukikatika mchana, inaendelea na kazi hadi betri iishe.

Shida iko kwenye plagi. Kenya, Uganda na Tanzania tunatumia zaidi plagi ya meno matatu bapa. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo utakuta soketi za matundu ya mviringo. Mbaya zaidi ni mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani. Soma maandishi madogo kwenye chaja: ikiandikwa 100-240V, iko salama, ikiandikwa 120V au 100V tu, ukiichomeka kwenye umeme wetu itaungua siku hiyo hiyo.

Ya tatu ni simu. Mashine hizi huongozwa kwa programu ya simu, na nyingi hupokea Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee. Zile zilizotengenezwa kwa soko la ndani la China huja na sauti ya Kichina, na baadhi hukubali kusajiliwa kwenye seva za China tu. Ndiyo maana Guangzhou zinaonekana rahisi. Omba toleo la kimataifa, na uliwashe mbele ya muuzaji.

Kampuni nayo inaweza kuanguka. Neato ya Marekani ilifungwa mwaka 2023, na baadaye seva zake zikazimwa, waliokuwa nazo wakabaki na kitufe cha kuwashia tu. iRobot yenyewe, baada ya mpango wa kununuliwa na Amazon kuvunjika Januari 2024, iliomba kinga ya mufilisi Desemba 2025 na kukubali kuchukuliwa na kampuni ya China iliyokuwa ikiiundia mashine. Ikiwa jina kubwa kama hilo liliyumba, boksi lisilo na jina lichukulie kama kitu kisicho na mwenyewe: uliza kama linafanya kazi kwa rimoti au kitufe bila intaneti.

Mpakani

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Cheti kilichorahisishwa cha uasili, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Roboti iliyoundwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kuwa imenunuliwa Luthuli Avenue, wala ya Tanzania kwa kuwa imetoka Kariakoo. Risiti ya dukani pekee haikupi uhakika kwamba hutadaiwa ushuru ukivuka.

Kwenye orodha ya forodha, mashine za kufyonza vumbi zenye mota ya umeme ziko kwenye kichwa 8508, na hizi ndogo kwenye 8508.11. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne tangu Julai 2022: sifuri, asilimia 10, 25 na 35. Nenda kwa afisa wa forodha na namba hiyo mkononi, upate jibu kabla ya kulipa muuzaji.

Anayeleta kwa ndege kutoka Dubai akumbuke betri. Ya akiba haiwekwi kwenye begi la mizigo, hubebwa mkononi. Na betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena haziruhusiwi kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016.

Hesabu ya kwenye karatasi

Tulichukua karatasi ya kufungia mashuka tukaandika mfano. Tuseme roboti moja imefika mpakani kwa thamani ya dola 100 na imeangukia ngazi ya asilimia 25. Inakuwa 125. VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 inaongeza 22.50. Jumla 147.50, kabla ya tozo nyingine na nauli. Ikiangukia asilimia 35, inafika 159.30.

Kumi kwa hesabu ya kwanza ni dola 1,475. Sasa tuseme mbili zimerudishwa na haziuziki tena. Nane zilizobaki lazima zibebe gharama yote, yaani kila moja sasa imekugharimu dola 184 na senti kadhaa. Faida uliyodhani unayo imeliwa na zile mbili.

Kisha spea. Chujio na brashi huchakaa baada ya miezi, na kwa vumbi letu huenda mapema. Nywele ndefu na nyuzi hujisokota kwenye brashi na lazima zikatwe kwa mkasi. Betri nayo itachoka. Anayeuza mashine bila chujio, brashi na betri amemuuzia mteja kitu cha mwaka mmoja. Anayeziuza zote, mteja atarudi kwake kila baada ya miezi michache, na huenda faida ya kudumu ikawa huko kuliko kwenye mashine yenyewe.

Uamuzi wake

Jioni aliiwasha ile ya sampuli. Ilizunguka duka, ikapita chini ya rafu na kutoka na rundo la vumbi na vipande vya nailoni. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Kisha ikafika mlangoni, ikagonga kizingiti, ikarudi nyuma, ikagonga tena. Aliinama akaikagua kwa chini, kama anavyokagua mshono wa shuka.

Alimpigia simu muuzaji wa Nairobi mbele yangu. Alisema kumi hataki. Angechukua mbili za ramani, toleo la kimataifa, pamoja na machujio na brashi za akiba, na moja angeipeleka kwanza kwa mpwa wake Arusha mwenye nyumba ya vigae, aitumie mwezi mzima. Muuzaji alimwambia kwamba kwa mbili hakuna punguzo.

Alikubali bei hiyo. Fedha iliyobaki aliifunga kwenye kitambaa, ikarudi kwenye mashuka.