Asomaye Kusimamia Watu Aanzie Nyumbani Kwake

Ndugu msomaji, katika miji yetu wapo makarani, walimu, maofisa utumishi na wakuu wa zamu ambao, baada ya kutwa nzima kazini, hushika njia ya chuo badala ya njia ya nyumbani. Miongoni mwao wapo wanaoisomea shahada ya uzamili katika usimamizi wa rasilimali watu. Pengine wewe ni mmoja wao, au ni mwenzi wa mmoja wao. Makala haya yanawahusu nyote wawili, na yanamhusu pia mtu wa tatu ambaye aghalabu husahauliwa.

Kwanza tuyaelewe masomo yenyewe. Zamani mahali pa kazi palikuwa na ofisi ya utumishi, nayo wafanyakazi waliijua kwa mambo mawili: mafaili na barua za onyo. Shahada hii inataka zaidi ya hayo. Mwanafunzi hujifunza kukadiria mahitaji ya wafanyakazi, kuajiri pasipo upendeleo, kupanga mishahara, kupima utendaji, kuendesha mafunzo, kusuluhisha migogoro na kuzifahamu sheria za kazi. Mwishoni hufanya utafiti na kuuandikia tasnifu.

Humo atakutana na fikra za Frederick Taylor, Mmarekani ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1911 alitaka kila kazi ipimwe na kugawanywa kitaalamu ili nguvu isipotee. Tena atasoma juu ya majaribio yaliyofanywa baina ya mwaka 1924 na 1932 katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago. Wataalamu wangali wakibishana juu ya majaribio hayo, lakini yaliwasaidia wengi kutambua kwamba mtu hafanyi kazi kwa ajili ya ujira peke yake. Anavyotazamwa, anavyosikilizwa na anavyoishi na wenzake kazini ni mambo yanayoingia katika kazi yake pia.

Hapa Tanzania masomo haya hutolewa na vyuo kadhaa. Chuo Kikuu Mzumbe, mkoani Morogoro, kina mizizi katika shule iliyoanzishwa mwaka 1953 kuwafunza watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mwanafunzi kusoma akiwa mbali na chuo, pasipo kuacha kazi. Lolote utakalochagua, hakikisha kwanza kwamba chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Kabla ya kulipa ada, jiulize maswali matatu. Je, kazi uifanyayo, au ile unayoitazamia, inaihitaji elimu hii? Je, mwajiri wako anajua na ameridhia? Mtumishi wa umma hasa hana budi kupata kibali kabla ya kwenda masomoni. Afahamu pia kwamba cheti hakimpandishi mtu cheo papo hapo, kwani vyeo hufuata muundo wa utumishi wa kada yake na nafasi zilizopo. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: je, watu wa nyumbani kwako wamekubali?

Tunauliza hivyo kwa sababu shahada ya mtu mwenye familia haisomwi na mtu mmoja. Ada hutoka katika mfuko uleule wa kodi ya nyumba, karo na chakula. Jioni za kusoma hutolewa katika saa zilezile ambazo watoto walizoea kusaidiwa hesabu zao. Kwa hiyo kaeni chini, mume na mke, mwandike kila kitu: ada, nauli, vitabu, gharama za utafiti na za kuchapa tasnifu. Kisha mwandike saa. Nani atawapokea watoto? Nani atakwenda sokoni? Nani atakesha na mtoto mgonjwa usiku wa kuamkia mtihani?

Mume akisoma, mara nyingi nyumba nzima huambiwa inyamaze. Mke akisoma, mara nyingi hutakiwa kwanza apike, afue na alaze watoto, ndipo afungue daftari saa tano ya usiku akiwa amechoka. Hiyo si haki, wala si usimamizi mwema. Ugali haujisongi wenyewe, na mume anayempenda mkewe aliye masomoni hatashindwa kushika mwiko.

Sasa tumfikie yule mtu wa tatu. Katika nyumba nyingi za mjini, saa za masomo hazitoki kwa mume wala kwa mke. Hutoka kwa mtumishi wa nyumbani. Yeye huamka alfajiri kuchemsha chai, na hulala baada ya msomi kufunga vitabu. Huenda msomi huyo usiku uleule alikuwa akiandika juu ya haki za wafanyakazi!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, ambayo kila mwanafunzi wa fani hii Tanzania Bara huisoma, haiishii kwenye lango la kiwanda. Inamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani. Inaweka kikomo cha saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa juma, na saa 9 kwa siku. Hata pakiwa na kazi ya ziada, siku ya kazi isizidi saa 12. Inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Inamtaka mwajiri atoe maelezo ya maandishi juu ya kazi, saa na ujira, na kama mfanyakazi hayaelewi, aelezwe kwa njia atakayoielewa. Inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mwenye miaka 14 aruhusiwe kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia asisome.

Aidha, mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 kazini hafukuzwi kwa hasira. Lazima iwepo sababu ya haki, na utaratibu wa haki ufuatwe, pamoja na kumsikiliza. Akionewa anazo siku 30 za kulalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Maneno haya msomi huyaandika vizuri katika karatasi ya mtihani. Je, huyakumbuka sahani inapovunjika jikoni kwake?

Basi, ndugu msomaji, nyumba yako na iwe darasa lako la kwanza. Panga saa za mtumishi wako na uzifuate. Mpe siku yake ya mapumziko hata majuma ya mtihani. Mlipe kwa tarehe mliyokubaliana, wala ujira wake usipungue kima cha chini kilichowekwa na serikali kwa kazi za nyumbani. Akikosea, msikilize kabla ya kumhukumu. Iwapo masomo yako yanamwongezea kazi, mwongezee na malipo, na ukiona huwezi, punguza kasi ya masomo.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Atakayeweza kugawa kazi kwa haki baina ya watu watano chini ya dari moja ameanza kujifunza kuwaongoza watu 500 kiwandani. Asiyeweza atavaa joho siku ya mahafali, na watu watampigia vigelegele. Lakini yupo mmoja jikoni, aliyeamka alfajiri kuipiga pasi shati yake ya siku hiyo, anayejua vema kama masomo yale yamemwingia au la.