Ikisiri ya utafiti

Ikisiri ya utafiti ni maelezo mafupi yanayowekwa mwanzoni mwa tasnifu au makala ya kitaaluma ili kueleza kilichochunguzwa, jinsi kilivyochunguzwa na kilichopatikana. Ikisiri ya makala huwa na maneno 150 hadi 300 hivi; ya tasnifu ya uzamili au uzamivu inaweza kujaza ukurasa mzima. Ingawa husomwa kwanza, waandishi wengi huiandika mwisho.

Nchini Tanzania ikisiri nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo mahojiano yote yalifanyika kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyeji kama Kimatengo.

Muundo

Mwanaisimu Ken Hyland alichunguza ikisiri 800 za makala kutoka taaluma nane, na katika kitabu chake cha mwaka 2000 akazigawa katika hatua tano: utangulizi, lengo, mbinu, matokeo na hitimisho. Si kila ikisiri ina hatua zote. Katika sayansi na uhandisi mbinu hupewa nafasi kubwa, ilhali katika falsafa na isimu mwandishi hutumia maneno mengi zaidi kuandaa uwanja wa hoja yake. Majarida ya tiba yalianza mwaka 1987 kupendekeza ikisiri zenye vichwa vidogo.

Wanafunzi na wabobezi

Mwanafunzi humwandikia mtahini, kwa hiyo hutaka kuonyesha kwamba kila sura ipo. Mtaalamu humwandikia mhariri na msomaji asiyemjua, ambaye ataacha kusoma asipoona jambo jipya. Tofauti nyingi hutoka hapo.

Kwa mfano wa kubuni, mwanafunzi amehoji wakulima 60 katika kata ya Litumbandyosi, Wilaya ya Mbinga, kuhusu matumizi ya mbolea katika mahindi. Ikisiri yake inasema kwamba hojaji na mahojiano vilitumika, data zikachambuliwa, na mapendekezo yametolewa. Yote ni kweli, lakini msomaji hajui kama wakulima hao wanatumia mbolea au hawatumii, wala kwa nini. Mtaalamu angetaja matokeo yenyewe pamoja na idadi, na mbinu angeimaliza kwa sentensi moja.

Lugha nayo huleta shida zake. Kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha kiima (“utafiti ulifanyika”), wanafunzi wengine huandika “the study it was conducted”. Vilevile Kiswahili hakina maneno yanayolingana na “a” na “the”, hivyo huachwa au huwekwa pasipostahili. Makosa haya msimamizi huyasahihisha upesi. Lililo gumu zaidi ni kupima uzito wa dai: mwanafunzi huandika kwamba utafiti wake “proves”, yaani umethibitisha, mahali ambapo mtaalamu angeandika “suggests”, yaani unaashiria. Wakulima 60 wa kata moja hawawezi kuthibitisha jambo kuhusu mkoa mzima wa Ruvuma.

Majina ya mahali na maneno ya wenyeji

Baadhi ya waandishi huondoa maneno ya wenyeji wakidhani Kiingereza kitakuwa safi zaidi. Ni hasara. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo ni mfano mzuri: nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa miraba kwenye mteremko mkali, kisha hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati, na mashimo yanayobaki huzuia maji yasiporomoshe ardhi. Mfumo huo ulichunguzwa miaka ya 1990 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Japani. Ikisiri inayosema tu “kilimo cha asili cha milimani” haitapatikana na anayetafuta neno “ngoro”. Wanaisimu nao huandika Kimatengo pamoja na alama N13, ili kisichanganywe na lugha nyingine za Kibantu.

Ikisiri kwa Kiswahili

Majarida ya Kiswahili na Mulika, yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huchapisha makala zenye ikisiri kwa Kiswahili. Katika kilimo na afya jambo hilo bado ni nadra, ingawa mkulima aliyehojiwa angeweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu shamba lake na kusema kama mtafiti alimwelewa.