Kuchagua Mbegu ya Kuku wa Nyumbani

Baada ya mauzo ya mazao, wakati fedha zinapokuwa mikononi mwa wakulima, ndipo makatibu wa vyama vya msingi wanapoanza kupokea maombi ya wanachama wanaotaka kuagiziwa vifaranga. Kwa kawaida maombi hayo hutaja jina moja tu la kuku, nalo ni lile linalosifiwa zaidi mwaka huo. Katibu hukusanya fedha, gari huleta makasha, na baada ya miezi miwili hesabu ya kuku waliobaki hai ndiyo inayoonyesha kama agizo lilikuwa la busara. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Katika ufugaji wa kuku wachache wa nyumbani, hata hivyo, asiyechagua ndiye anayepata hasara.

Maelezo haya yanamhusu mfugaji mwenye kuku kati ya 5 na 30 uani kwake, ambaye shughuli yake kubwa ni shamba. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna mbegu iliyo bora kwa kila nyumba. Ubora wa mbegu hutegemea majibu ya maswali matatu: nani atakayewalisha kuku hao, nani atakayeangua vifaranga, na nani atakayewakinga na maradhi.

Kuku wa asili

Kuku wa asili wa Tanzania si wa aina moja, ingawa wote huitwa kwa jina moja la kuku wa kienyeji. Yuko kuchi, mrefu wa miguu na mzito wa mwili, ambaye jogoo wake hupendwa sokoni kwa nyama yake lakini ni mgomvi. Yuko ching'wekwe, mfupi na mwepesi, ajulikanaye sana Morogoro. Yuko pia singamagazi wa Tabora, mwenye rangi nyekundu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewachunguza kuku hao na kuonyesha kwamba wanatofautiana kwa uzito, kwa mayai na kwa namna wanavyostahimili maradhi. Aidha kuna kishingo, asiye na manyoya shingoni, na kidimu, mwenye manyoya yaliyojipinda. Hao wawili hupoteza joto la mwili kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo hawataabiki sana katika sehemu za joto.

Mtetea wa asili hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mzao mmoja, naye hurudia mara tatu au nne kwa mwaka. Hicho ni kiasi kidogo. Lakini mtetea huyo hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chake, huatamia mayai yake kwa siku 21, huwaongoza vifaranga wake, na huwatetea dhidi ya mwewe. Kazi hizo zote mfugaji hazilipii. Akimfuga kuku asiyezifanya, itambidi azifanye mwenyewe au amlipe mtu wa kuzifanya.

Kuku wa mayai

Kuku wa kisasa wa mayai, akitunzwa ipasavyo, huweza kutaga mayai 280 au zaidi kwa mwaka. Idadi hiyo ndiyo inayowavutia wanachama wengi. Lakini kuku huyo hula yapata gramu 115 za chakula kilichochanganywa kila siku. Kuku 10 watakula zaidi ya kilo 1 kwa siku, na kwa mwaka watahitaji kilo 420, yaani zaidi ya magunia 8 ya kilo 50. Chakula kikipunguzwa au kikibadilishwa kuwa pumba tupu, mayai hupungua upesi. Isitoshe, kuku huyo haatamii. Utagaji wake ukishapungua, mfugaji hana budi kumwuza na kununua wengine.

Kwa sababu hiyo kuku wa mayai anamfaa mwanachama aliye karibu na soko la mayai na karibu na duka la chakula cha kuku, mwenye fedha za kununulia chakula kwa miezi minne au mitano kabla ya yai la kwanza kupatikana. Asiye na mambo hayo matatu asimwagize.

Mbegu za kazi mbili

Kati ya kuku wa asili na kuku wa mayai kuna mbegu zinazofugwa kwa nyama na mayai pamoja. Za zamani zinazojulikana zaidi ni Rhode Island Red, mwekundu, kutoka Marekani. Light Sussex, mweupe mwenye shingo na mkia mweusi, kutoka Uingereza. Na Black Australorp, mweusi, kutoka Australia. Majogoo wa mbegu hizi hufikia karibu kilo 4. Mbegu hizi ni safi, maana yake ni kwamba jogoo na mtetea wa mbegu moja huzaa vifaranga wanaofanana nao. Kasoro yake ni kwamba mitetea wengi hawaatamii kwa uhakika. Ikumbukwe pia kwamba kuku mweupe huonekana upesi na mwewe.

Katika miaka ya karibuni wameenea Kuroiler, waliotoka India, na Sasso, waliotoka Ufaransa. Hawa hukua haraka, huweza kuzunguka uani wakijitafutia chakula, na hutaga zaidi ya kuku wa asili, ilimradi waongezewe chakula kila siku. Lakini hawa ni chotara waliopatikana kwa kuchanganya koo kadhaa. Mwanachama akichukua mayai yao na kuyaangulisha, vifaranga hawatafanana na wazazi wao: baadhi watakuwa wakubwa, baadhi wadogo, na utagaji utapungua. Mitetea wao pia ni nadra kuatamia. Kwa hiyo anayefuga chotara hao afahamu tangu mwanzo kwamba atanunua vifaranga wapya kila mara, na aweke akiba kwa kazi hiyo.

Matunzo kabla ya mbegu

Kabla ya mwanachama kubadilisha mbegu, ni vyema apige hesabu ya kuku alio nao. Tuseme ana mitetea 5 wa asili, na kila mmoja huangua vifaranga 10 mara tatu kwa mwaka. Jumla ni vifaranga 150. Nusu yao wakifa kwa maradhi, baridi na mwewe, jambo ambalo ni la kawaida pale pasipo na kinga, hubaki 75. Vifo vikipunguzwa hata kufikia mmoja katika kila watano, hubaki 120. Tofauti ni kuku 45, na imepatikana pasipo kununua hata kifaranga kimoja.

Njia za kupunguza vifo hivyo zinajulikana. Vifaranga wafungiwe pamoja na mama yao katika tenga au chumba kidogo kwa wiki nne za mwanzo, wapewe maji safi na chakula cha kutosha, na kuku wote wachanjwe dhidi ya kideri. Maradhi hayo huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima katika siku chache, yakiua kuku wa asili na wa kigeni bila ubaguzi. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine za kideri, hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wachanjwe kuku wazima tu, kwani chanjo haiponyi aliyekwisha ugua.

Jogoo mgeni kwa mitetea wa asili

Kwa wanachama wengi njia inayofaa ni kubaki na mitetea wa asili na kuleta jogoo mmoja wa mbegu safi ya kazi mbili kwa mitetea wasiozidi 10. Vifaranga watakaopatikana watakuwa wazito zaidi, na mitetea watataga zaidi ya mama zao, huku kazi ya kuatamia ikiendelea kufanywa na mama hao wa asili.

Hata hivyo, njia hii ina hatari yake. Mpango wa kugawa majogoo wa kigeni ulijaribiwa vijijini katika nchi nyingi za Afrika, na mara nyingi matunda yake hayakudumu. Majogoo waliletwa bila chanjo na bila chakula cha nyongeza, wakafa. Pale walipoishi, kila kizazi kilichoongezwa damu ya kigeni kilipungukiwa na silika ya kuatamia. Kijiji kikiondoa majogoo wote wa asili kwa mara moja, baada ya miaka michache kitakuwa na kuku wakubwa wasio na wa kuwaangulia mayai, na mbegu ya asili ikishapotea hainunuliwi dukani. Ni lazima basi baadhi ya nyumba zibaki na majogoo wa asili, waliochaguliwa kwa ukubwa na afya, ili wanachama wengine wapate kwao mitetea wa kuatamia.

Wajibu wa chama

Mambo haya hayawezi kutekelezwa na mwanachama mmoja peke yake. Chupa moja ya chanjo huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, nayo ikishafunguliwa haifai kuwekwa kwa siku nyingi. Chama kikipanga siku moja ya chanjo kila baada ya miezi mitatu, gharama kwa kila kuku huwa ndogo sana. Majogoo nao wabadilishwe kati ya wanachama kila mwaka, ili jogoo asipande watoto wake.

Kabla ya kupokea fedha za agizo, katibu amwulize kila mwanachama yale maswali matatu na kuandika majibu katika daftari. Anayejibu kwamba hana chakula wala chanjo ashauriwe kuanza na matunzo ya kuku alio nao. Anayestahili kuagiziwa apatiwe, ikiwezekana, vifaranga waliokwisha lelewa na kuchanjwa hadi umri wa mwezi mmoja. Bei yao ni kubwa kuliko ya vifaranga wa siku moja, lakini wamekwisha vuka kipindi kigumu.

Na kuku mgeni, kama isemwavyo, hakosi kamba mguuni. Kuku yeyote aliyenunuliwa nje ya kijiji atengwe kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake, hata kama anaonekana mzima. Mwanachama anayelipuuza jambo hilo huhatarisha kuku wa jirani zake wote, pamoja na fedha walizoweka katika agizo hilohilo.