Je, Wajua? Kromosomu Hutengana kwa Kuvutwa

Je, wajua kuwa kromosomu za seli ya mwili wako, kabla seli haijawa mbili, huvutwa kwa nguvu ambazo wanasayansi wamezipima? Seli ina kromosomu 46, yaani vibeba-urithi vyake. Kwanza hunakili zote, na kila nakala hubaki imeshikamana na pacha wake. Kisha nyuzi kutoka pande mbili za seli huja kuwakamata na kuwavuta, pacha mmoja huku, mwenzake kule.

Je, wajua unene wa uzi huo? Nanomita 25 tu. Unywele wa mtu huushinda unene kwa mara 2,000 na zaidi.

Je, wajua kuwa uzi huvuta kwa kubomoka? Ncha yake iliyokamatana na kromosomu humeguka chembe baada ya chembe, nayo kromosomu huing'ang'ania ncha hiyo inavyorudi nyuma. Mwendo wake ni mikromita moja hivi kwa dakika. Milimita moja ingeichukua zaidi ya saa 16.

Je, wajua kuwa nguvu hiyo ilipimwa kwa sindano ya kioo? Mwaka 1983 Bruce Nicklas wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliizuia kromosomu iliyokuwa safarini ndani ya seli hai ya panzi, akitazama kwa hadubini jinsi sindano inavyopinda. Kromosomu ilisimama nguvu ilipofika pikonyutoni (kipimo cha nguvu ndogo sana) 700 hivi. Kuisogeza tu ndani ya ute wa seli hakuhitaji hata pikonyutoni moja! Akiba yote hiyo ya nguvu ni ya nini? Jibu lake ndilo linalonivutia kuliko yote katika habari hii: seli haivuti ili kusogeza tu, huvuta pia ili kukagua.

Nicklas alikuwa ameanza kuliona hilo mapema. Mwaka 1969, yeye na Carol Koch walichukua jozi ya kromosomu iliyokamatwa vibaya, yaani zote mbili zimeshikwa na nyuzi za upande mmoja. Jozi ya namna hiyo haikazwi ipasavyo. Hakuna uzi unaoivuta kutoka ng'ambo, hivyo nyuzi huiachia upesi na kujaribu tena. Lakini walipoivuta wenyewe kwa sindano, nyuzi hazikuiachia. Kosa lilidumu kwa sababu tu lilikuwa na mvuto.

Mwaka 1995 ikawa zamu ya vunjajungu. Kromosomu X isiyo na mwenzi wa kuivuta huifanya seli isimamishe mgawanyiko kwa saa nyingi. Xiaotian Li na Nicklas waliivuta X hiyo kwa sindano, na baada ya saa moja hivi seli ikaendelea kugawanyika.

Je, wajua kuwa mshiko kati ya uzi na kromosomu hukaza ukivutwa? Mwaka 2010 watafiti wa Seattle walitoa vishikio vya kromosomu kwenye seli za hamira, wakavibandika kwenye uzi mmoja mmoja. Vilivyovutwa kiasi vilishika kwa muda mrefu kuliko vilivyoachwa bila mvuto, mithili ya fundo la kamba ya ngalawa.

Je, wajua kuwa mapacha wa kromosomu hufungwa na pete za protini ziitwazo kohesini? Seli ikiridhika kuwa wote wamekamatwa sawasawa, kimeng'enya huzikata pete zinazowafunga kwa mara moja. Katika mayai ya mwanamke, pete hizo huwekwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mamake. Akishika mimba akiwa na miaka 40, zimekuwa kazini kwa miaka 40. Zikichoka, kromosomu huenda upande usio wake. Ndiyo sababu moja kubwa ya mtoto kuzaliwa na kromosomu 47, kama ilivyo katika hali ya Down, ambayo chanzo chake kilitambuliwa Ufaransa mwaka 1959.

Je, wajua kuwa nyuzi hizi zikizuiwa, saratani hukwama? Vinkristini, dawa itokayo kwenye ua lenye asili ya Madagaska, huzuia nyuzi zisijengeke, na seli inayotaka kugawanyika hushindwa. Dawa hii hutumika kutibu saratani ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Huwapata zaidi watoto wa ukanda wetu wenye malaria, na hukua kwa kasi mno. Ukiona taya la mtoto linavimba na halipoi, mpeleke hospitali leo, usingoje wiki ijayo.