Mji Unatufuata Shambani: Tuache Barabara Mapema



Nakuru ilifanywa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Lakini jiji halikai Milimani peke yake. Linapanda Kiamunyi, linaelekea Bahati na Njoro, na mara nyingi anayelitangulia ni dalali wa ploti.

Jambo hili si geni. Baada ya Uhuru, kampuni na vyama vya kununua mashamba vilinunua ardhi ya walowezi na kuwagawia wanachama. Sehemu za Kaptembwo na Rhonda zilianza hivyo. Watu walitafuta pa kulima. Leo ni mitaa iliyosongamana.

Hebu tupige hesabu. Eka moja ni futi 43,560 za mraba. Ukikata ploti 8 za 50 kwa 100, safu mbili zikitazamana, katikati hubaki njia ya futi 18 hivi. Punda na mkokoteni atapita. Lakini malori mawili ya mawe yakikutana, moja litarudi kinyumenyume, na gari la kunyonya choo halina pa kugeukia. La zimamoto ndiyo usiseme. Sasa punguza kila ploti futi 6 tu kwa urefu, iwe 50 kwa 94. Njia inafika futi 30, karibu mita 9, na hakuna mwanachama aliyekosa ploti! Nyumba za mawe zikishasimama, futi hizo hizo mtazitafuta kwa fidia na kesi.

Mkondo wa maji nao usiuzwe. Kwetu mvua hushuka kutoka Menengai kuelekea Ziwa Nakuru, na udongo wa majivu ya volkano huliwa upesi. Anayejenga juu ya mkondo anamsukumia jirani maji.

Kisheria, shamba la kilimo haligawanywi wala kuuzwa bila kibali cha bodi ya ardhi. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti pia. Kwa hivyo kabla kikundi hakijatoa hata shilingi moja, ulizeni ramani ya ugawaji iliyoidhinishwa, kisha mtembee shambani mkihesabu mawe ya mipaka. Dalali akisema barabara itakuja baadaye, msilipe.

Wenye ramani wasiyoielewa waje nayo kwenye mkutano wa vikundi, tuisome pamoja.